Nani Hulipa Gharama ya Kazi? Historia ya Kodi ya Mapato Tanzania, Kenya na Uganda

Hakuna kazi isiyo na gharama. Seremala hununua randa, gundi na misumari kabla hajauza meza ya kwanza. Dereva wa teksi hutia petroli kabla abiria hajapanda. Mvuvi hulipia nyavu, wakili hulipia vitabu vya sheria, na askari polisi wa doria humaliza soli za buti zake barabarani. Katika kila kazi, sehemu ya fedha inayopita mkononi si pato hata kidogo, bali ni fedha iliyotumika ili pato lipatikane. Ndiyo maana kila nchi inayotoza kodi ya mapato hulazimika kujibu swali hili: ni gharama gani za kazi zitolewe kwanza kabla kodi haijakokotolewa, na ni gharama gani mfanyakazi azibebe mwenyewe?

Tanzania, Kenya na Uganda zilijibu swali hilo kwa sheria moja kwa muda wa miaka zaidi ya 20. Sheria hiyo ilitungwa wakati wa ukoloni, ikasimamiwa kutoka Nairobi, na chimbuko lake lilikuwa London. Nchi hizo tatu zilipoachana katika jambo hili mwaka 1973 na 1974, kila moja ilichukua urithi uleule na kuupa sura yake. Leo, mwanajeshi wa Uganda, polisi wa Kenya na askari wa Tanzania wanaweza kusimama katika mipaka inayopakana, wamevaa buti za aina moja na kukesha usiku mmoja, lakini hati zao za mshahara zikasomeka tofauti kabisa. Ili kuelewa sababu, yafaa historia hiyo ifuatwe tangu mwanzo wake.

Kodi ya kwanza waliyotozwa wenyeji wa Afrika Mashariki na wakoloni haikuuliza habari ya gharama ya kazi. Wajerumani waliweka kodi ya kibanda kwa amri ya mwaka 1897, nayo ikaanza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa mwaka kwa kibanda cha kawaida cha shamba. Nchini Uganda, Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka rupia 3 kwa kila kibanda, na rupia 3 nyingine kwa kila mwenye bunduki. Kenya nayo ilianza kutozwa kodi ya kibanda mwanzoni mwa karne ya 20.

Kodi ya namna hiyo haina habari ya faida wala hasara. Mkulima aliyevuna magunia 20 na mkulima aliyeliwa na nzige walilipa sawasawa. Hakuna aliyemwuliza mkulima bei ya jembe lake, wala aliyempunguzia hata senti moja kwa ajili ya mbegu. Huko Buganda mambo yalikwenda mbali zaidi, kwa kuwa bunduki, ambayo kwa mwindaji ni chombo cha kazi, yenyewe ilifanywa kitu cha kutozwa kodi. Nia ya mkoloni haikuwa kupima uwezo wa mtu. Nia ilikuwa kumlazimisha aitafute fedha, na fedha ilipatikana katika shamba la mlowezi au kwa kulima mazao aliyoyataka mkoloni. Akida na askari walitumwa vijijini kuikusanya, na wasioweza kulipa walipelekwa kufanya kazi. Kodi hiyo, pamoja na kulazimishwa kulima pamba, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Kumbukumbu hiyo ni nzito kwa kila avaaye sare, kwani aliyetangulizwa mbele ya kodi isiyo na haki alikuwa askari, naye ndiye aliyebeba chuki ya wananchi.

Wakati huohuo, huko London, watawala walewale walikuwa wakijitoza wenyewe kodi ya namna nyingine kabisa. Kodi ya mapato ya Uingereza ilizaliwa na vita. Waziri Mkuu William Pitt aliianzisha mwaka 1799 ili kugharimia mapigano dhidi ya Ufaransa. Wenye mapato ya zaidi ya pauni 200 kwa mwaka walitozwa sehemu moja ya kumi, na wenye mapato ya chini ya pauni 60 hawakutozwa kitu. Ilifutwa mwaka 1802 kulipopatikana amani, ikarudishwa mwaka 1803 vita vilipoanza tena, na ikafutwa mwaka 1816 baada ya Napoleon kushindwa. Robert Peel aliirudisha mwaka 1842, wakati huo bila vita kubwa ya Ulaya, na tangu hapo haikuondoka.

Kodi ya mapato, tofauti na kodi ya kibanda, haina budi kuuliza pato halisi ni lipi. Kwa hiyo sheria ya Uingereza ya mwaka 1853 iliweka kanuni juu ya gharama za mtu aliyeajiriwa. Mtumishi aliruhusiwa kutoa katika mapato yake gharama za safari alizolazimika kuzifanya katika kutimiza wajibu wake, gharama za kumfuga farasi wa kumwezesha kuutimiza wajibu huo, na fedha nyingine aliyotumia kwa ajili ya wajibu huo kwa masharti matatu: iwe imetumika yote, iwe kwa kazi tu, na iwe ya lazima. Farasi huyo alidumu ndani ya vitabu vya sheria za Uingereza hadi miaka ya 1990, wakati watumishi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye magari kwa miongo mingi.

Mfanyabiashara hakubanwa kiasi hicho. Yeye alitakiwa kuonyesha masharti mawili tu, yaani fedha imetumika yote na kwa biashara tu. Neno la tatu, ‘lazima’, liliwekwa kwa mwajiriwa peke yake. Neno hilo moja liligawa watu wa kazi katika makundi mawili. Mwenye duka akinunua mwavuli wa kukinga wateja mvua, aliweza kuuweka katika hesabu za duka. Karani akinunua mwavuli ili afike kazini mkavu, aliambiwa kwamba kazi ya ukarani hufanyika ofisini, na kwamba mvua ya njiani ni shauri lake.

Mashauri yaliyofikishwa mbele ya mahakama za Uingereza yanaonyesha jinsi mstari huo ulivyochorwa katika kazi mbalimbali. Mwaka 1925, wakili mmoja aliyeishi na kufanya kazi London, ambaye pia alikuwa jaji wa muda katika mji wa Portsmouth, aliomba nauli ya treni na gharama ya hoteli zitolewe katika mapato yake ya ujaji. Baraza la Malodi lilikataa. Lilisema kwamba kazi ya jaji huanza anapofika mahakamani Portsmouth, na kwamba kuishi London lilikuwa chaguo lake. Tangu hapo likathibitika jambo ambalo wafanyakazi wengi duniani hulijua kwa uchungu, kwamba kwenda kazini si kufanya kazi.

Mwaka 1953 ilikuwa zamu ya mwanajeshi. Afisa wa jeshi la akiba aliomba gharama mbalimbali za maisha ya uafisa, zikiwemo za bwalo la maofisa. Kila mwenye cheo anafahamu kwamba afisa asiyeonekana bwaloni hawi afisa kamili machoni pa wenzake. Hata hivyo gharama za bwalo zilikataliwa, na jaji mwenyewe alikiri kwamba kanuni hiyo ilikuwa ngumu na nyembamba. Mwaka 1961 meneja wa benki alikataliwa ada ya klabu, ingawa benki yake ilimtarajia awe mwanachama ili akutane na wateja. Mwaka 1962 mwalimu mkuu wa shule alikataliwa gharama za kuhudhuria mihadhara ya historia mwishoni mwa juma, ingawa historia ndiyo aliyoifundisha. Mahakama ilisema kwamba mihadhara ilimfanya awe mwalimu bora, lakini kusikiliza mihadhara si kufundisha.

Aliyefaulu ni daktari. Yeye aliishi katika mji mmoja wa Wales na kuitwa kwa simu, usiku na mchana, na hospitali iliyokuwa umbali wa maili 15. Mwaka 1969 Baraza la Malodi liliamua kwamba wajibu wake ulianza pale alipopokea simu nyumbani, kwa kuwa alitoa maagizo juu ya mgonjwa kabla hajaondoka na kubaki na dhamana njiani. Safari yake ilikuwa safari ya kazi, na gharama yake ikatolewa. Tofauti kati ya daktari huyo na jaji wa Portsmouth haikuwa ukubwa wa kazi wala heshima yake. Tofauti ilikuwa mahali kazi inapoanzia.

Kuhusu mavazi, wakili mwanamke aliyefanya kazi kwa kujitegemea aliomba gharama za nguo nyeusi zilizotakiwa na desturi ya mahakama, nguo ambazo asingezivaa kwingineko. Alishinda katika mahakama mbili za mwanzo, kisha akashindwa mbele ya Baraza la Malodi mwaka 1983. Sababu iliyotolewa ni kwamba nguo zilimsitiri na kumkinga baridi kama nguo nyingine zozote, kwa hiyo hazikuwa kwa ajili ya kazi tu. Sare maalumu ni jambo jingine, kwa kuwa haivaliwi kwenda harusini wala sokoni. Kwa kazi nyingi za sare na vyombo, Uingereza ilikubali hatimaye kuweka viwango maalumu bila kudai stakabadhi: wauguzi pauni 125 kwa mwaka na polisi pauni 140. Yafaa ieleweke kwamba kiasi hicho hakirudishwi mkononi. Hutolewa katika mapato kabla ya kodi, kwa hiyo polisi anayetozwa asilimia 20 huokoa pauni 28 kwa mwaka.

Hiyo ndiyo sheria iliyopandishwa melini kuja Afrika Mashariki. Haikupokelewa kwa mikono miwili, na waliokuwa wa kwanza kuikataa walikuwa walowezi. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilijaribu kuanzisha kodi ya mapato mwanzoni mwa miaka ya 1920. Walowezi, ambao maelfu ya vibarua wao walikuwa wakilipa kodi ya kibanda na ya kichwa bila kusamehewa chochote, walipiga kelele kwamba mashamba yao yangekufa. Kodi hiyo ikafutwa mwaka 1922. Mzigo wa hazina uliendelea kubebwa na Mwafrika na kwa ushuru wa bidhaa. Miaka 15 ilipita hadi mwaka 1937, ambapo kodi ya mapato ilirudishwa Kenya na kubaki. Vita Kuu ya Pili ilipohitaji fedha, Uganda na Tanganyika nazo zikaanza kuitoza mwaka 1940.

Maneno ya sheria hizo yalifuata kielelezo kilichotayarishwa London mwaka 1922 kwa ajili ya makoloni. Humo gharama iliruhusiwa iwapo imetumika yote na kwa ajili ya kuzalisha pato tu. Gharama za mtu kujitunza mwenyewe na jamaa yake zilikatazwa. Kwa mlowezi mwenye shamba la kahawa, maneno hayo yalikuwa mapana vya kutosha: mishahara ya vibarua, mbolea na matengenezo ya mashine vyote viliingia katika hesabu, na hata kuchakaa kwa zana kulikuwa na nafasi yake. Hapo ndipo ubaguzi wa mfumo mzima ulipojitokeza wazi. Jembe la mlowezi lilipunguza kodi ya mlowezi. Jembe la jirani yake Mwafrika halikupunguza chochote, kwa kuwa kodi ya kichwa haikuwa na kichwa cha kufikiri.

Usimamizi wa kodi ya mapato uliunganishwa chini ya idara moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1952 ikatungwa sheria moja ya usimamizi wa kodi hiyo, na mwaka 1958 ikatungwa nyingine mahali pake. Baada ya uhuru, idara hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa mwaka 1967. Katika miaka ya 1960 ulienea pia utaratibu wa Lipa Kadiri Unavyopata, ambao Uingereza iliuanzisha mwaka 1944, katikati ya vita. Kwa utaratibu huo kodi hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia mwenyewe.

Utaratibu huo una faida kubwa kwa dola. Fedha hufika mapema, na ukwepaji huwa mgumu. Lakini kwa mwajiriwa ulibadilisha jambo moja kimyakimya. Mfanyabiashara huketi mwisho wa mwaka, akaandika mapato yake na gharama zake, kisha akabishana na ofisa wa kodi. Mwajiriwa haandiki kitu. Hakuna pahali katika hati yake ya mshahara palipoachwa wazi ili aseme: hapa nilitumia fedha yangu kwa ajili ya kazi. Hivyo swali la gharama ya kazi likahama kutoka kwa ofisa wa kodi likaenda kwa mwajiri.

Jumuiya ya kwanza ilipoanza kulegea, kodi ya mapato ilikuwa miongoni mwa mambo ya mapema kugawanywa. Tanzania na Kenya zilitunga sheria zao mwaka 1973, na Uganda, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin, ikatoa amri yake mwaka 1974. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, Jumuiya yenyewe ilivunjika. Jumuiya ya sasa iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ushuru wa forodha umeunganishwa tena, lakini kodi ya mapato imebaki mikononi mwa kila nchi.

Kenya ilibaki karibu na maneno ya zamani. Sheria yake ya mwaka 1973, ambayo imefanyiwa marekebisho mengi, bado inataka gharama iwe imetumika yote na kwa ajili ya kuzalisha pato tu, nayo inakataza gharama za mtu binafsi na za nyumbani. Posho za mwajiriwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa mapato na hutozwa kodi, ikiwemo posho ya nyumba. Isipokuwa posho ya safari ya kikazi: mtumishi akiwa nje ya kituo chake, kiasi fulani kwa siku huchukuliwa kuwa ni kurudishiwa gharama, bila kudai stakabadhi. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa siku, na mwaka 2025 kilipandishwa kuwa shilingi 10,000. Polisi na mwanajeshi wa Kenya hukatwa kodi katika mshahara kama mwalimu na muuguzi. Mkenya avaaye sare hana mlango wake peke yake.

Uganda ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1997 inaeleza waziwazi kuliko za jirani zake ni gharama gani ni za binafsi. Nauli ya kutoka nyumbani kwenda kazini ni ya binafsi. Nguo za kuvaa kazini ni za binafsi, isipokuwa zile ambazo hazifai kuvaliwa nje ya kazi. Masomo yanayompa mtu shahada ni ya binafsi, hata kama yanahusiana na kazi yake. Mtu aliyesoma habari ya jaji wa Portsmouth, ya wakili wa nguo nyeusi na ya mwalimu wa historia atazitambua hoja zilezile zimevuka bahari na kuandikwa upya kwa ufupi. Lakini kwa wanajeshi, polisi na askari magereza, Uganda haikutaka kuhesabu soli za buti moja moja. Iliusamehe mshahara wao wote usitozwe kodi ya mapato. Raia wanaoajiriwa kufanya kazi za kiraia ndani ya vyombo hivyo hawakuingizwa katika msamaha huo.

Tanzania nayo ilitunga sheria mpya mwaka 2004. Katika sheria hiyo, kutoa gharama ni haki ya mwenye biashara au mwenye uwekezaji. Mwajiriwa hana orodha ya gharama za kutoa, ukiacha michango yake katika mfuko wa pensheni uliokubaliwa. Badala yake, sheria inatazama upande wa mwajiri. Posho ya safari au ya kujikimu ambayo ni kurudishiwa tu fedha iliyotumika kikamilifu kwa kazi haihesabiwi kuwa pato. Aidha, kwa mtumishi wa Serikali, posho kama za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu zimeachwa nje ya hesabu ya kodi. Pensheni au kiinua mgongo kinachotolewa kwa ajili ya majeraha au ulemavu uliosababishwa na vita nacho hakitozwi.

Tofauti hizo hudhihirika zaidi kwa hesabu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwenye karakana ameuza bidhaa za shilingi milioni 300 kwa mwaka, na ametumia milioni 270 kwa mbao, mishahara, umeme na pango. Kodi yake itahesabiwa juu ya milioni 30. Jirani yake ni mhandisi aliyeajiriwa kwa mshahara wa milioni 30 kwa mwaka, naye ametumia milioni 2 kwa nauli, vitabu na simu za kazi ambazo mwajiri hakumrudishia. Kodi yake nayo huanzia kwenye milioni 30, ingawa zilizobaki mkononi ni milioni 28. Mbele ya sheria watu hao wawili ni sawa. Mbele ya mfuko si sawa.

Katika njia tatu za majirani hao, hakuna iliyo kamilifu. Msamaha wa Uganda ni rahisi kuutekeleza na humpa askari heshima inayoonekana kila mwezi. Lakini msamaha hupimwa kwa mshahara, si kwa gharama. Afisa wa makao makuu mwenye mshahara mkubwa huokoa zaidi kuliko askari wa mpakani anayenunua betri za tochi kwa fedha yake, kwa kuwa mwenye mshahara mkubwa ndiye ambaye angekatwa zaidi. Njia ya Kenya huwatendea sawa watumishi wote, mwenye bunduki na mwenye chaki, na hakuna raia anayeweza kunung'unika kwamba mwingine amependelewa. Lakini usawa huo hausaidii iwapo kazi zenyewe hazina gharama sawa. Njia ya Tanzania hulenga gharama yenyewe kwa njia ya posho, na hilo ni karibu zaidi na haki. Lakini posho husaidia pale tu inapolipwa. Posho iliyoandikwa katika waraka na isiyofika mkononi haipunguzi chochote.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Sheria inapomwambia mwajiriwa kwamba gharama zake za kazi hazitatolewa katika kodi, haijazifuta gharama hizo. Imezihamisha. Imesema kwamba mwajiri ndiye wa kuzilipa. Basi mwajiri asipotoa buti, na askari akazinunua kwa mshahara uliokwisha kukatwa kodi, askari huyo ametozwa mara mbili: mara ya kwanza katika hati ya mshahara, na mara ya pili dukani. Buti, sare, koti la mvua, tochi ya lindo na nauli ya uhamisho si zawadi kutoka kwa mwajiri. Ni upande wa pili wa kanuni ya kodi, kama vile karo ilivyo upande wa pili wa shule isiyo ya bure.

Haki hiyo ina njia mbili. Posho ya safari haitozwi kodi kwa sababu inachukuliwa kuwa imetumika safarini. Mtumishi anayepokea masurufu ya siku kumi kwa safari ya siku nne, au anayeleta stakabadhi ya nyumba ya wageni ambamo hakulala, hakuiba posho tu. Amekula pia kodi ambayo ingetozwa juu ya fedha hiyo kama angeipokea kwa jina lake la kweli, yaani mshahara. Vivyo hivyo kwa mfanyabiashara anayeingiza katika hesabu za kampuni mafuta ya gari la harusi ya mwanawe. Mpelelezi wa polisi anayechunguza mashauri ya namna hiyo atafanya kazi yake vizuri zaidi akikumbuka masharti yale ya mwaka 1853: fedha imetumika yote, kwa kazi tu, na kwa lazima? Mengi ya maswali ya kumwuliza mshukiwa yamo ndani ya maneno hayo.

Kodi ya kibanda ilikufa pamoja na ukoloni. Kodi zilizofanana nayo katika kumtoza mtu kwa kuwapo kwake nazo zimeondolewa: Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, na Uganda ikasimamisha kodi yake ya vichwa miaka miwili baadaye. Kilichobaki ni kodi inayodai kupima pato halisi la mtu. Dai hilo ni jema, lakini huthibitishwa kwa mambo madogo: kwa stakabadhi iliyo ya kweli, kwa posho inayolipwa kabla ya safari na si miezi mitatu baada yake, na kwa bohari ya sare isiyokuwa tupu. Dola iliyokataa kuipunguza gharama ya kazi katika kodi ya askari wake imejitwika yenyewe wajibu wa kuilipa gharama hiyo, kwa ukamilifu na kwa wakati.